Majivu Chini ya Dirisha

Nililazwa hospitalini Nchelenge kwa sababu ya mwiba wa kambale, na nusura nifie kule kwa sababu ya kuona haya. Habari za mwiba naweza kumsimulia mtu yeyote. Habari za haya zimenikaa kooni tangu miaka ile ya sabini, na hata sasa, nikiwa mzee ambaye hakuna anayejali anachofanya chooni, naandika huku nikitazama mlango asije mjukuu akasoma juu ya bega langu.

Wakati huo nilikuwa kijana wa majivuno. Nilitoka ng'ambo ya ziwa Mweru, upande tuliouita Zaire siku hizo, nikivuka na sabuni na vitenge na kurudi na samaki. Pale Kashikishi, kwenye soko la samaki, wanawake walinijua kwa koti langu la abakosti, lile lisilovaliwa tai, lililopigwa pasi vizuri mno, na kwa manukato ambayo, walisema, yaliwafanya nzi wasahau kilichowaleta sokoni. Nilipenda kusemwa hivyo. Mtu asiyeweza kuwa nadhifu katikati ya magamba ya samaki, nilikuwa nikijigamba, si mfanyabiashara, ni mchukuzi tu. Nayasema haya ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyekuja kushindwa kutoa chupa ya mkojo.

Nilikuwa nimeoa msichana wa ufukoni, njia ya kwenda Chienge. Kwao, kama kwetu, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani. Nilipomwona mama mkwe anakuja njiani nilishuka majanini, naye akapita amejifunika kitenge kichwani. Nikiwa uani, yeye alikuwa ndani. Akitaka kuniuliza kama nimeshiba, alimwuliza binti yake, nami nilimjibu binti yake, ingawa sote watatu tulisikia kila neno. Huo haukuwa uadui hata kidogo. Ilikuwa heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo, na ipo sherehe ya kuilegeza, ambayo sisi bado tulikuwa hatujaifanya. Kwa muda wote wa ndoa yangu sikuwa nimewahi kuuona uso wake. Nilimjua kwa kikohozi chake, ambacho alikitanguliza kwenye kila kona ili mimi nipate kujificha.

Siku ya mwiba nilivua viatu ili visiharibike, nikaingia majini kukagua kambale wabichi kwenye mtumbwi wa mvuvi mmoja. Mwiba wa pezi ukanichoma karibu na kifundo cha mguu. Nikaung'oa, nikapaka manukato yangu juu ya kidonda, nikaendelea kubishana bei. Baada ya siku chache mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi inang'aa, na mimi natetemeka kwa homa juu ya magunia katika lori la samaki lililonipeleka hospitali. Penisilini waliyonipiga haikufua dafu.

Daktari wa wodi yetu alikuwa Mhindi, mwembamba, mwenye soksi nyeupe ambazo sikuelewa alizifuaje katika vumbi lile. Alisema Kiingereza tu na Kibemba cha kusalimia. Mkuu wa manesi, mama mnene mzaliwa wa Chienge karibu na mpaka, alijua Kiswahili chetu cha Zaire, na yeye ndiye aliyekuwa kinywa cha daktari kwangu na kinywa changu kwa daktari.

"Munganga anasema atabadilisha dawa," aliniambia. "Hii mupya, gentamisini, iko na nguvu. Lakini iko na kichwa kigumu. Ikiwa kidogo, bugonjwa haisikie. Ikiwa mingi, inakamata masikio na mafigo. Inatokaka mu mikojo. Njo maana atapima mikojo yako yote, yote, hata tone hapana kumwanga."

Akaning'inizia chupa kwenye chuma cha kitanda. Kisha akauliza nani ananiuguza, maana manesi walikuwa wachache na kila mgonjwa alitakiwa kuwa na mtu wake wa kumpikia, kumfulia, na kupeleka chupa kwenye chumba cha kupimia. Nilisema sina mtu. Mke wangu alikuwa ametoka kujifungua, bado yumo ndani na kitoto kichanga. Ndugu zangu walikuwa ng'ambo, na ng'ambo kulikuwa na vita vya jimbo la Shaba, mpaka umefungwa, hakuna aliyevuka ila kwa wizi.

Kesho yake asubuhi nikasikia kikohozi nje ya ukuta. Nilikijua kabla hakijakwisha. Nikavuta shuka hadi juu ya kichwa kama mtoto.

Alikuwa amekuja kwa lori, na sufuria yake, na mfuko wa unga wa mihogo. Binti yake alikuwa amelia, naye akaona hakuna mwingine. Sikuambiwa na yeye, bila shaka. Niliambiwa na nesi, aliyeona jambo lenyewe ni la kuchekesha kidogo. "Ba mukwe wako balifika," alisema. "Banakaa pale inje. Banakatala kuingia."

Basi tukaanza kuishi hivyo. Mama mkwe alikaa barazani, mgongo umeegemea ukuta ule ule ambao kitanda changu kiliuegemea kwa ndani. Alipika nyuma ya wodi, pamoja na wanawake wengine wanaouguza, mahali ambapo dirisha langu lilitazama. Chakula alikiweka kizingitini, akakohoa, akaondoka, nesi akaniletea. Shuka zangu chafu zilitolewa, zikarudi safi, zikinukia jua. Nilikula uji wa mikono yake nikiwa nimefumba macho kwa aibu, na uji ulikuwa mtamu, jambo lililozidi kunitia aibu.

Lakini chupa. Mara ya kwanza ilipojaa nusu, niliitazama nikaelewa. Nesi angeitoa hadi mlangoni. Mlangoni angeipokea yeye, mama wa mke wangu, angeibeba mkononi ikiwa bado na joto la mwili wangu, apite nayo mbele ya wanawake wote hadi chumba cha kupimia. Mimi niliyekuwa nashuka majanini asinione hata vidole vya miguu! Nilijikokota hadi dirishani, nikaangalia kulia na kushoto, nikamwaga.

Nikajisikia mwepesi. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka, kwamba nilijisikia mtu mwenye akili.

Tangu hapo nikawa na utaratibu. Kulipokuwa kunapambazuka, kabla wanawake hawajaja kuwasha mafiga, nilimwaga. Mchana niliacha kidogo cha kuonyesha, nikamkabidhi nesi mwenyewe alipopita na daktari, mkono kwa mkono, ili kisipite mlangoni. Daktari alikiinua kwenye mwanga, akakunja uso. Alikuwa akinitazama kope na miguu kama nimevimba, ananisikiliza mgongo, anauliza nanywa maji kiasi gani. Ninakunywa sana, nilisema, na ilikuwa kweli. Akaandika, akaondoka akikuna shingo.

Mwezi ule, nesi alinieleza, dawa za kupimia figo kwenye damu zilikuwa zimekwisha, na gari la kutoka Mansa halikuwa limeleta nyingine. Kwa hiyo daktari hakuwa na cha kumwongoza ila chupa yangu. Na chupa yangu ilikuwa inamwambia kwamba figo zinakufa. Akafanya ambalo daktari yeyote mwenye huruma angefanya: akapunguza sindano. Homa, iliyokuwa imeanza kusitasita, ikarudi kwa hasira. Mguu ukatoa harufu ambayo manukato yangu yote yasingeifunika.

Nilijua. Sitaki kujifanya nilikuwa mjinga. Sikujua mambo ya figo, lakini nilijua kwamba mtu anaipima chupa ile ili anipe dawa, na kwamba chupa ilikuwa inamdanganya. Kila jioni nilijiambia kesho nitamnong'oneza nesi. Kila asubuhi nilisikia kikohozi nje ya ukuta, ulimi ukawa mzito.

Siku moja daktari akaja akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Alizungumza kwa muda mrefu, nesi akitafsiri kwa sauti ya chini.

"Anasema kulikuwa hapa mutoto mwanamuke, alipigwa sindano ya namna hii, mafigo ilikuwa nachoka, hakuna mutu alijua. Dawa ikajaa mu damu. Alipona, lakini hasikie tena. Hata ngoma hasikie. Munganga hapendi kuona vile tena. Anasema, kama mikojo inaendelea kupunguka, kesho kutwa ataacha sindano."

"Halafu atanipa dawa gani?" niliuliza.

Nesi hakumwuliza daktari. "Hakuna ingine," alisema. "Halafu ni mambo ya Mungu."

Ungedhani hapo ningefungua kinywa. Nilitazama dirisha, nikatazama ukuta ambao nyuma yake yeye alikuwa ameketi, na nikajiambia maneno ambayo leo nayaona ya kipumbavu kabisa: heri nife mtu mwenye heshima zake. Nilikuwa na mtoto ambaye sijamwona sura. Nilijiambia hivyo hivyo.

Ila daktari hakuwa mtu wa kuacha jambo kabla hajahakikisha. Akasema atapima damu yenyewe, si kwa zile dawa zilizokwisha bali kwa njia yake, aone sindano imejaa kiasi gani: mara moja kabla tu ya sindano, na mara nyingine saa moja baada yake. Mishipa yangu ilikuwa imejificha kwa homa, na mkono ulitetemeka hata sindano haikuweza kukaa. Nesi alikuwa peke yake. Akatoka barazani, nikasikia ubishi wa Kibemba, na neno moja likirudiwa: awe, awe, awe, hapana, hapana.

Mama mkwe aliingia kinyumenyume. Sitanii. Aliingia wodini akitembea kwa kisogo, kitenge kichwani, akipapasa vitanda kwa mkono mmoja huku nesi akimwongoza kama mtu anayerudisha gari. Alipofika kwangu alikunja kitenge kingine akakifanya kinene, akakitandika juu ya mkono wangu ili ngozi yake isiguse yangu, na akaushika. Uso wake ulitazama ukuta, wangu dari. Mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko nilivyotazamia. Sindano iliingia, damu ikatoka, na wakati wote ule hakuna aliyepumua kati yetu sisi wawili. Wagonjwa wengine walikuwa wamegeuza nyuso. Hata wao waliona si jambo la kutazamwa.

Baada ya sindano ya dawa, saa moja ikapita, akaletwa tena vile vile.

Asubuhi yake daktari alikuja na sahani mbili ndogo za kioo, amezishika kama mtu aliyebeba mayai. Hakuwa na uso wa mtu anayeleta msiba. Alikuwa na uso wa mtu aliyechanganyikiwa. Akataka nione. Ndani ya sahani kulikuwa na kitu kama uji ulioganda, na ndani ya uji ule, nesi alieleza, daktari alipanda wadudu wadogo anaowajua. Alitoboa vishimo. Katika vingine alitia dawa aliyoipima mwenyewe, kidogo, zaidi, zaidi tena. Katika vingine majimaji ya damu yangu. Usiku kucha, katika sanduku lenye joto, wadudu huota na uji hupata ukungu. Penye dawa hawaoti, panabaki duara safi. Dawa nyingi, duara pana. Anapima kwa rula, analinganisha na vishimo vyake, anajua damu imebeba kiasi gani.

Nilitazama. Vishimo vyake vilikuwa na maduara mazuri, kila kimoja kikubwa kuliko cha kabla yake. Kishimo cha damu yangu ya baada ya sindano kilikuwa na duara dogo, jembamba. Kishimo cha damu ya kabla ya sindano hakikuwa na kitu. Ukungu mtupu, hadi ukingoni.

"Anasema alizani atakuta nyingi sana," nesi alisema, na sasa hata yeye alikuwa amenikazia macho. "Hakukuta. Mwili wako unatupa dawa mbio, mbio. Mafigo yako iko nzima, inatumika kama ya kijana. Bon. Anauliza: kama mafigo inatumika hivi, mikojo inaendaka wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilifikiri damu ni damu tu, kitu chekundu kisicho na maneno. Kumbe ilikuwa imekwenda chumba cha pili ikanisemea. Daktari alinisubiri, rula mkononi. Wagonjwa walinigeukia.

"Labda jasho," nilisema.

Nesi akatafsiri. Daktari akarudia neno hilo kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayeonja kitu asichokijua.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia, safari hii kwa mbele. Hakukohoa. Kitenge kilikuwa mabegani, kichwa wazi, nywele nyeupe zimesukwa mistari. Kwa mazoea nikageuza uso, lakini nilikuwa nimekwisha kumwona: mwanamke mfupi, mashavu yamechoka kwa kukosa usingizi, amefanana na mke wangu kiasi cha kunitoa machozi. Hakunisemesha mimi. Alimsemesha nesi, kama desturi inavyotaka.

"Sista, mukwai, tafazali, ambia munganga. Mikojo ya ba mukwe iko hapa inje, chini ya dirisha. Kila asubui banamwanga. Mi natoka mapema, mbele ya banamuke bengine kuamuka, nafunika na majivu ya moto wangu, juu batu basione, basicheke ba mukwe. Munganga akiangalia ataona."

Nesi alitafsiri, akikwama njiani. Daktari akaenda dirishani, akachungulia. Aliinamia pale kwa muda mrefu. Kwenye kitanda cha tatu mtu alianza kucheka chini ya blanketi, akajikohoza.

Kwa hiyo alikuwa anajua. Tangu mwanzo alikuwa anajua. Mimi nilijificha nisimwaibishe, yeye akaamka kabla yangu, akajificha nisijue kwamba anajua, akanisubiri nimalize, akaja na majivu yake. Tulikuwa tunafichana kwa adabu, mmoja ndani ya ukuta na mwingine nje, na katikati ya adabu yetu mguu wangu ulikuwa unaoza.

Daktari aliuliza, kwa upole, kwa nini mama hakusema. Nesi hakutafsiri mara moja. Alimweleza kwanza yeye mwenyewe, kwa Kiingereza, na nilipoona mikono yake ikitetemeka hewani kwa kuonyesha, nilijua anaeleza nini. Kule ziwani, pande zote mbili, tunaamini kwamba mama mkwe akishika uchafu wa mwili wa mkwe wake, au hata akiutaja mbele yake, mmoja wao mikono itaanza kutetemeka, na haitaacha hadi kaburini. Wapo wazee tuliowajua, wanaomwaga maji kila wakinywa, na kila mtu alikuwa tayari kukuambia walimkosea mkwe gani.

Mama mkwe alijua wanazungumza nini. "Ikitetemeka, itetemeke," alisema. Kisha akanigeukia. Aliacha lile "ba" la heshima, akaniita kama mtu anavyomwita mtoto aliyechezea moto. "Weye! Mutoto wangu iko na mutoto ku kifua. Unataka mi niende kumwambia bwana yake alikufa juu ya haya? Ya mikojo? Lete chupa."

Sikusogea. Sikuweza.

"Lete, nakuambia."

Nikaitoa kwenye chuma, nikatazama ukutani huku nikinyoosha mkono, na nikasikia ikichukuliwa. Haikufunikwa na kitu. Alitoka nayo mlangoni, akapita barazani, akapita mbele ya wanawake wa mafiga waliokuwa wameacha kupika kumtazama, hadi chumba cha kupimia. Nilimfuata kwa macho dirishani hadi alipoingia. Kisha nikalia, kwa sauti, mimi mtu mzima wa abakosti, na hakuna aliyecheka tena.

Siku hiyo hiyo daktari alipandisha dawa. Hakupandisha kwa kukisia; alikaa na maduara yake na rula, akahesabu kwa ajili ya mwili wangu, si wa mtu mwingine. Akachukua damu tena mara mbili, na safari hii duara la baada ya sindano lilikuwa pana kama alivyotaka, na la kabla lilikuwa dogo, dalili kwamba dawa inatoka kama inavyopaswa. Kila asubuhi alinishikia saa yake karibu na sikio, kulia na kushoto, akiisogeza mbali polepole hadi niseme siisikii. Aliupasua mguu ukatoka usaha. Homa ikashuka, ikapanda kidogo, ikashuka ikakaa.

Na kila siku, mchana kweupe, mama mkwe alikuja kuchukua chupa. Kila mara nilijiambia leo nitazoea. Sikuzoea. Mwili wangu wote ulipata moto nilipoisikia miguu yake, na hata nilipoanza kupona, kupona kwenyewe kulikuwa na ladha ya aibu, kama chakula ulichokula kwa mtu uliyemtukana.

Niliporuhusiwa kutoka, alitangulia kwa lori lingine. Nyumbani nilimkuta mke wangu mlangoni na mtoto, na ndani ya nyumba nikasikia kikohozi. Mama mkwe alikuwa amerudi katika heshima yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Nami nikarudi katika yangu. Nilishuka majanini, akapita amejifunika. Kwa miaka mingi hakuna aliyetaja chupa, wala majivu, wala wodi. Mke wangu alijua tu kwamba mama alinipikia uji.

Ila mimi nikapata ugonjwa mwingine, ambao sikumwambia mtu. Kwa kuwa sikuruhusiwa kumtazama uso, nilianza kumtazama mikono. Kwa miaka. Kila nilipofika na sabuni na chumvi, kabla sijaketi, jicho langu lilikuwa limekwisha kutafuta mikono yake: inatwanga, inasuka mkeka, inampokea mtoto wangu wa pili, wa tatu. Nilitazama kama kikombe kinacheza. Daktari angesema mambo hayo hayapo, na pengine hayapo. Mimi nilitazama tu. Hata tulipofanya ile sherehe, nikaruhusiwa kuketi mbele yake na kula, nilitazama mikono iliyoniandalia sahani, si uso.

Siku moja, tayari amezeeka, nilimkuta uani akimenya mihogo, amenipa kisogo kwa mazoea ya zamani. Nikasalimia, nikasimama. Kisu kikaacha.

"Ba mukwe," alisema, bila kugeuka. "Munaangalia mikono yangu myaka yote hii. Munazani mi sioni?"

Macho yangu yakakimbilia kisu.

Aliinyoosha mbele yake, vidole vimetanuka, utomvu mweupe wa mihogo umevikaukia. Ilikuwa imetulia.

"Bado," alisema. "Lakini nimezeeka. Siku itaanza kutetemeka, ao siku nitashindwa kuamuka, mutoto wangu anaweza kuwa mbali. Nitaita mweye. Mutakuja kunibebea chupa yangu?"

Alikuwa anatania, niliona mabega yakicheka. Ndiyo, mama, nilisema. Nilisema haraka, kwa adabu zote, na sauti ikatoka ndogo kama ya mtu aliyejificha chini ya shuka. Akangoja kidogo, labda aone kama nitasema tena kwa nguvu zaidi. Nilipokuwa bado natafuta sauti, alichukua muhogo mwingine akaendelea kumenya.